Gari la Mukwe Halifunguliwi

Bibi Rachida si ndugu yangu. Hatuna babu mmoja, na kama mngetuweka pamoja sokoni msingeona tunafanana hata kwa pua. Ni jirani yangu tu hapa Mikelenge, mjini Kindu, mjane anayekaanga vitumbua mbele ya mlango wake kila asubuhi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka ng'ambo ya mto, Alunguli. Ninaandika habari zake kwa sababu wanaume wa mtaa wetu wamekwisha kuzisimulia kwa namna yao, na kwa namna yao wanasema kwamba alitia aibu nyumba yangu. Si kweli. Aibu ilikuwa imekwisha kuingia, imekaribishwa, imepewa kiti na chai. Yeye aliifukuza.

Lazima nianze na vita, maana huko ndiko alikojifunza mambo ya gari.

Mume wake, marehemu Onema, alikuwa na gari dogo la buluu. Alibeba maharusi, alibeba wagonjwa, na treni ikifika alibeba mchele wa watu kutoka stesheni hadi majumbani. Mwaka 1998, vita vilipokaribia Kindu, kila mwenye gari alijua kwamba litachukuliwa. Basi Onema alitoa moteri, injini nzima, akaizika chini ya banda la kuku. Mwili wa gari ukabaki uani ukiwa na magurudumu yake, maana hakukuwa na mahali pa kuuficha.

Bibi Rachida alilizunguka lile gari, akafikiri. Gari likiwa na tumbo tupu, watauliza moteri iko wapi. Akachukua gunia la makaa, akalikandamiza mahali pa moteri, akafunga kapo, lile bati la mbele linalofunika moteri, kisha akalifuta gari vumbi mpaka likang'aa.

Wenye bunduki walipofika walifurahi. Wakataka ufunguo. Bibi Rachida alikuwa amekwisha kupanda, amekaa kiti cha mbele na kikapu chake mapajani, akakataa kushuka. Wakazungusha ufunguo, kimya. Wakasema betri imekufa, tusukume. Wakalisukuma lile gari katika mchanga, vijana wazima wenye jasho, kutoka kwake hadi karibu na mteremko wa mto, naye yumo ndani kama bibi harusi.

"Sukumeni, watoto wangu!" aliwapigia kelele kupitia dirishani. "Sukumeni, iko karibu kuwaka!"

Hakuna hata mmoja aliyefungua kapo mpaka walipofika mteremkoni na gari likakataa kuwaka hata kwa kuteremka. Hapo walifungua, wakakuta makaa.

Akisimulia mpaka hapo, Bibi Rachida hucheka, na sisi hucheka naye. Kisha husimulia kilichofuata. Wenye bunduki walirudi nyumbani kwake, wakampiga Onema mgongoni kwa vitako vya bunduki, na mgongo ule haukunyooka tena. Alikufa kabla amani haijarudi, amejikunja kitandani kama mtoto. Moteri ilitolewa chini ya banda la kuku baadaye, imeliwa na kutu, haifai hata kuwa uzito wa kufungia mlango.

"Walikuwa wengi, walikuwa na nguvu, walikuwa na bunduki," huniambia. "Kufungua kapo njo kitu kimoja walishindwa."

Siku hizo Fadhili wangu alikuwa bado ananyonya. Nilikimbia naye porini nikiwa nimemfunga mgongoni, nikarudi naye akiwa mwembamba kama kijiti, na Bibi Rachida ndiye aliyenipa uji wa kwanza wa mchele tuliporudi. Nasema haya ili mjue Fadhili ni nani kwangu. Sikumvusha katika vita vile ili aje kuuawa na heshima za watu wazima.

Sasa nije kwenye gari letu.

Mwaka jana mume wangu Soudi aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake kule Alunguli. Kilikuwa kitu chetu cha mwisho. Miguu ya Soudi haimchukui tena mbali, kazi ya reli ilikufa mikononi mwake, na tulikubaliana kwamba kiwanja kigeuke gari dogo lisilokunywa mafuta mengi, Fadhili aliendeshe kama teksi, nasi tule. Gari likiwa zuri, tunakula. Likiwa bovu, hatuna kiwanja, hatuna gari, na pengine hatuna mtoto. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi hicho, na mimi nililiwaza nikipepeta mchele, nikifua, nikiswali.

Kulikuwa na magari mawili ya kuchagua.

La kwanza lilikuwa jipya kabisa, katika depo ya Jérémie, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Lilikuwa limeletwa kwa ndege, viti vyake bado vimevikwa nailoni. La pili lilikuwa gari kuukuu la rangi ya fedha, lililopita mikono ya watu wa mbali, likaja kwa njia ya Kisangani, likapandishwa mto kutoka Ubundu. Hilo lilikuwa mali ya Mzee Hamadi. Na Hamadi ni mukwe wetu. Binti yetu Salama ameolewa na mwanawe, amemzalia mtoto mmoja, na wakati huo alikuwa na mimba ya pili.

Soudi alitaka la mukwe. Bei yake ilikuwa ya chini, tungebakiwa na cha kuezekea nyumba, na mafundi wote wa Kindu wanalijua gari la namna ile hata wakiwa wamefumba macho. Likivunjika kitu, unakitoa katika gari jingine lililokufa. Hoja hizo zilikuwa na maana, nami sikuzikataa. Nilitaka tu kuliangalia.

Tukaenda kwa Hamadi, mimi, Soudi na Fadhili. Hamadi anauza mafuta ya mawese, ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, sauti yake laini, hajawahi kumfokea binti yangu. Alilivua gari kitambaa polepole.

"Karibuni, mukwe," alisema. "Gari hii njo yenu. Mimi ninawalindia tu."

"Mashallah," Soudi akajibu. "Iko muzuri sana, mukwe."

Alisema hivyo akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani. Fadhili aliinama kidogo atazame chini ya gari. Baba yake akakohoa, naye akainuka. Hakuna aliyefungua mlango. Hakuna aliyegusa kapo. Kwetu mukwe ni mtu wa kuinamishiwa macho. Hupatani naye bei mara mbili, hufunui chungu chake, huulizi mke wake amepika nini. Kumfungulia gari lake mbele ya macho yake ni sawa na kumvua kanzu.

Mimi nilikaa nyuma yao na mtandio wangu, kama inavyotakiwa, nikatumia macho. Nikaona usukani uko upande wa kulia, na kwetu magari hupita mkono wa kulia, maana yake abiria wa mbele atashukia kushoto, katikati ya barabara, pikipiki zinakopita. Nikaona zulia la miguuni ni jipya kuliko gari lenyewe. Manukato yalikuwa makali kama ya chumba cha maharusi. Na katika taa ya mbele, ndani ya kioo, kulikuwa na matone ya maji, na chini yake mstari mwembamba wa kahawia, kama ule unaobaki ndani ya ndoo ya maji ya mto.

Njiani tukirudi sikuweza kunyamaza.

"Baba Fadhili, umeona ile taa?"

"Taa gani?"

"Ya mbele. Iko na maji ndani."

"Umande huo."

"Umande unaingia ndani ya kioo kilichofungwa?"

"Halima." Alisimama, akanitazama. "Ukienda kula kwa mukwe, unafunua sufuria kuangalia kama nyama imeoza?"

"Nikisikia harufu, ndiyo."

"Njo maana wanawake hawapelekwi kwa mambo ya ukwe."

Fadhili alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Kesho yake nilimchukua Fadhili tukaenda kwa Jérémie. Soudi hakuja, alisema hana haja ya kutazama gari la mtu ambaye hatumjui. Jérémie alitoka na ufunguo, akafungua milango yote, akafungua kapo, akafungua nyuma, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

"Mama, angalia mpaka uchoke," alisema. "Mufuniko wa tangi pia unafunguka. Gari haisikii haya."

Nikaangalia. Nilikaa nyuma, magoti yangu yakagusa kiti cha mbele. Niligonga mlango, bati likalia kama debe. Nikapiga goti nikachungulia chini. Tumbo la lile gari lilikuwa karibu na ardhi kama tumbo la bata.

"Hii itapita njia ya Kalima?" nikamuuliza.

"Kiangazi, pengine, kama dereva ana akili. Mvua ikinyesha, hapana. Sikudanganyi."

"Na taa ikivunjika?"

"Unangojea ndege, mama. Unangojea pamoja na mimi." Akacheka. "Hapa Kindu hakuna mwenzake hata mmoja. Ikiugua, haina ndugu wa kuitolea damu."

"Kwa nini unaniambia ubaya wake? Wewe si muuzaji?"

"Mimi niko na duka hapa. Ukinunua ukalia, utakuja kulia mbele ya mlango wangu, wateja wote wasikie. Heri ulie sasa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo mengi. Gari jipya lilikuwa na makosa mengi, na yote nilikuwa nimeonyeshwa. La mukwe halikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamweleza Soudi. Akasema siku ya kukabidhiana imekwisha kupangwa, Ijumaa baada ya swala, na Hamadi atakuja kula kwetu. Nikasema Fadhili alipeleke gari kwa fundi kwanza. Akasema fundi akiligusa gari la mukwe kabla hatujalipokea, Kindu yote itajua kabla ya adhuhuri kwamba tunamwona Hamadi mwizi, na Salama ndiye atakayelipa katika nyumba ile.

Hapo nilikasirika. Angalieni ujanja wa jambo lile! Binti yangu amewekwa mbele, mwanangu amewekwa nyuma, na mimi naambiwa nikimvuta mmoja nitamwangusha mwingine. Na nani amelipanga hivyo? Si Mungu. Ni wanaume wawili wanaoona haya kuinamia gari.

Nikaenda kwa Bibi Rachida.

Hamkumsahau Bibi Rachida? Ukoo wake na ukoo wa Hamadi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hana adabu nawe wala hatakiwi kuwa nayo. Anaingia kwenye karamu yako bila kualikwa, anakutukana mbele ya wageni, na akikikamata kitu chako huwezi kukinyang'anya. Unakikomboa kwa anachotaka mwenyewe. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Nilimweleza yote, habari ya zulia, ya manukato, ya mstari ndani ya taa. Alikuwa anageuza vitumbua. Hakuinua macho.

"Wamefungua kapo?" aliuliza.

"Hapana."

"Wanaume wote watatu wamesimama tu?"

"Wamesimama tu."

Akatoa kitumbua kimoja, akanipa. "Kula. Halafu nenda upike. Yule popo nitamuona Ijumaa."

Ijumaa ilifika. Nilipika wali na bata, nikatandika mikeka uani. Mzee Hamadi alifika na gari, peke yake, polepole sana, akaliegesha kando ya ukuta. Mke wake, Mama Ramla, alifika nyuma yake kwa pikipiki ya teksi, bakuli la maandazi mapajani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpokea bakuli, nikamfuta bega, nikamtazama. Gari tupu limetoka nyumba moja naye, yeye amekuja kwa pikipiki. Akatazama pembeni.

Wanaume walikuwa wamekwisha kunawa mikono tulipomsikia Bibi Rachida mlangoni.

"Hodi nyumba ya watu wazima! Nasikia harufu ya bata, na nasikia harufu ya mutu mwenye masikio kama popo!"

Hamadi alicheka. Mtani wako akija, lazima ucheke. "Karibu, mutani. Ukoo wenu haukosi harufu ya chakula cha watu."

"Chakula chako nani atakila? Mama yako alikuwa anapika mboga na kamba zake." Alikuwa na unga mikononi. Hakuja mkekani; alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Akafungua mlango wa kushoto, akaingia, akatazama mbele yake. "Ee! Usukani umekimbia! Umekwenda kukaa kwa muke mudogo!"

Watu wakacheka. Akajivuta mpaka kiti cha kulia, akachomoa ufunguo ambao Hamadi alikuwa ameuacha pale, akautia kifuani.

"Nimekamata," alisema.

"Hewala," Hamadi akasema, bado anacheka. "Utakula mguu wa bata."

Bibi Rachida alivuta kitu chini ya usukani, kapo likaruka kidogo. Akashuka, akalifungua lote. Soudi akainamisha uso. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jiko, birika la maji mkononi, na sikuinamisha kitu.

"Njoo uone, mutani," alisema Bibi Rachida. "Umeosha moteri kama maiti. Imekosa sanda tu."

"Usafi ni sehemu ya dini."

"Na huu?" Alikuwa amerudi ndani, ameshika mkanda wa kiti, anauvuta. Aliuvuta kama mtu anayetoa kamba kisimani, mpaka mwisho, na sehemu ile ya mwisho, ambayo daima hukaa imejificha, ilikuwa ya kahawia, imekauka, ngumu kama ngozi ya samaki. "Mukanda umepakwa hina?"

Hakuna aliyecheka. Akainama, akang'oa pembe ya zulia jipya, akatia mkono, akautoa. Katika kiganja chake kulikuwa na mchanga mweupe na gamba moja la konokono wa mto.

"Huyu njo dereva wa kwanza?"

"Ni watoto, mutani," Hamadi akasema. "Wanacheza mpaka ndani ya gari."

Bibi Rachida akalifunga kapo kwa kishindo, akalikalia, mguu mmoja chini. Sauti yake ilikuwa bado ya utani, lakini mimi nimemjua miaka mingi, nikaona mishipa ya shingo yake imesimama.

"Haya. Unataka ufunguo wako?"

"Nautaka."

"Sitaki bata. Sitaki kuku, kuku zako zina miguu kama yako. Nataka hivi. Mama Ramla apande hapa mbele. Umwendeshe mpaka chini kwenye mto, kule kwenye mteremko nilikosukumwa mimi na gunia langu la makaa. Ufike chini, ugeuke, umrudishe. Akirudi, ufunguo wako, na mimi nakuoshea gari mwezi muzima."

Mama Ramla alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanawake. Akainuka taratibu, akakung'uta nguo.

"Nipande, Baba Ramla?" alimuuliza mumewe.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama atie chumvi. Hamadi alimtazama mke wake muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Usipande."

Basi. Sisi sote tulisikia. Hata jogoo wa jirani nadhani alisikia.

"Kwa nini asipande?" Bibi Rachida akauliza. Utani ulikuwa umekwisha.

"Breki bado hazijawa sawa."

"Zilipata nini?"

"Zililowana."

"Wapi?"

Hamadi alitazama chini. "Lokandu. Mashua iliinama. Gari likaingia mtoni. Tulilitoa, tukalikausha." Kisha akainua uso, na ndipo aliposema neno ambalo mpaka leo linaniwasha. "Sikudanganya mutu. Hakuna aliyeniuliza."

Hakuna aliyeniuliza! Mke wake alimpandisha pikipiki. Mwanangu angempa ufunguo, akamwombea dua, akala wali wangu, akaenda zake akiwa mtu asiyesema uongo.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya kuliko yote lilitoka kwa mume wangu. Soudi alikuwa amesimama, anataka kutuliza watu, na kwa haraka yake ya kutuliza akasema, "Bibi Rachida, tafadhali. Tusivunje ukwe kwa jambo tulilokwisha kulisikia."

Birika liliniponyoka. Maji yakaenda mpaka kwenye mkeka.

Mukwe hafokewi, nami sikumfokea. Nilimshika Soudi mkono, nikamvuta mpaka jikoni, nikafunga mlango.

"Ulilokwisha kulisikia?"

"Mama Fadhili, ni maneno ya bandarini. Mutu mmoja wa Lokandu alisema gari la Hamadi lilizama."

"Lini?"

"Kabla hatujaenda kuliona."

"Kabla. Ukasimama pale ukasema mashallah. Nikakuambia maji ya taa, ukasema umande."

"Ningesemaje? Mukwe, gari lako lilizama? Salama analala katika nyumba yake!"

"Na Fadhili angelala wapi? Chini ya mto?"

"Nilimtegemea Mungu."

"Mungu alikupa mikono miwili, Soudi. Mmoja wa kuomba. Mwingine ulikuwa wa kufungua kapo."

Akakaa juu ya kinu. Sijamwona mume wangu akilia tangu vita, na hakulia siku ile pia, ila alikaa juu ya kinu changu kama gunia, akasema, "Niliona haya." Nilitaka kumhurumia. Sikuweza. Watu wa mji huu tulipoteza kila kitu kwa wenye bunduki, na hatukuwa na la kufanya. Hapa hakuna aliyetushikia bunduki. Tulikuwa tunakaribia kumpoteza mtoto kwa sababu ya haya tu, na mtu mzima anaitaja haya hiyo kana kwamba ni homa iliyompata bila kupenda.

Nilipotoka nje Fadhili alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa amesikia yote. Hakusema kitu kwa baba yake, siku ile wala kesho yake.

Uani Bibi Rachida alikuwa anakula bata. Ufunguo alikuwa amekwisha kuurudisha, maana ukweli ulikuwa umetolewa na kwake ukweli ulitosha kuwa fidia. Ila hakuweza kuacha hivyo, akamvua Hamadi kofia yake ya darizi, akaivaa mwenyewe. Hamadi alicheka. Naapa alicheka, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alirudi na gari lake polepole kama alivyokuja. Mama Ramla alirudi kwa pikipiki.

Salama hakupata taabu yoyote katika nyumba ile. Alijifungua salama, na Hamadi mwenyewe alituletea habari, akiwa na dumu la mawese kwa ajili yangu. Kwa hiyo hofu yote ile ya Soudi ilikuwa ya bure. Gari la fedha lilifunguliwa likauzwa vipande vipande, kila mnunuzi akiambiwa kipande kimetoka wapi, kwa sababu Bibi Rachida alikuwa akipita pale kila siku kuuliza, kofia kichwani.

Sisi tulinunua lile jipya. Nyumba yetu bado ina bati lililotoboka. Na makosa yote ya lile gari yalikuja moja baada ya jingine, kama wageni waliokuwa wametuma salamu. Limejikwaruza tumbo penye reli. Pikipiki ilivunja kioo cha pembeni, tukangojea ndege pamoja na Jérémie, kama alivyosema. Mvua ikinyesha Fadhili halitoi. Kalima hajawahi kulipeleka, na akinitajia Kalima namkumbusha lile tumbo la bata. Abiria wananiambia ni gari la kubana magoti. Ni kweli. Lakini breki zinashika. Mimi mwenyewe nilipanda, nikateremka nalo mpaka mtoni na kurudi, kabla sijamruhusu mtoto kubeba mtu.

Bibi Rachida hupanda bure, kiti cha mbele. Jumamosi moja nilikuwa nimekaa nyuma, tunatoka sokoni, tukamkuta Mzee Hamadi amesimama kando ya barabara na Mama Ramla, wanatafuta usafiri wa kwenda hospitali, mguu wa mama umevimba. Fadhili akasimama.

"Usimubebe!" Bibi Rachida akapiga kelele. "Huyu anapenda magari yenye samaki!"

"Mutani, sogea," Hamadi akasema, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Nipandishe muke wangu."

"Leo unamupandisha? Umemuuliza dereva kama breki zimekauka?"

"Nimeuliza, nimeuliza!"

Wakapanda nyuma, karibu yangu, tumebanana. Njia nzima walitukanana, yeye na Bibi Rachida, na Fadhili alicheka nao. Bibi Rachida alimsamehe Hamadi siku ile ile ya bata. Ndivyo utani ulivyo, hauweki kitu mpaka kesho.

Mimi si mtani wake, mimi ni mukwe wake. Nilimsogezea Mama Ramla nafasi ya kunyoosha mguu, nikamwamkia mzee, nikamuuliza hali ya nyumbani, macho yangu chini kama inavyotakiwa. Hasira yangu niliishika pamoja na kikapu changu, nikashuka nayo.